Alichokutana Nacho Mektrida Ukurasani

Moshi, 3 Februari 2024

Dada Mektrida, shikamoo.

Habari za Kilema? Goti limepoa? Sisi huku wazima, ila jua ni kali.

Nina swali. Kati ya watoto ninaowasaidia kusoma, kuna binti wa darasa la tatu, Zuleha. Akikusimulia jambo, chai yako itapoa mezani. Mpe kitabu: "baba" anasoma "dada," kisha ananyamaza. Mwalimu wake anataka arudishwe darasa la pili. Nimempima mara mbili, bado sielewi anakwama wapi.

Wewe ulirudia darasa la tatu mpaka nikakukuta. Ulikuwa unaona nini? Herufi zilikuwa zinacheza?

Mdogo wako,
Magreth

Moshi, 9 Machi

Shikamoo dada.

Mwezi mzima kimya. Mwanao Evelyn aliniambia kwenye simu kwamba alikusomea barua yangu, ukachukua panga ukaenda kukata majani ya ng'ombe. Kama nimekukosea, niambie. Ya Zuleha yanaamuliwa mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Magreth

Kilema, 17 Machi

Mdogo wangu Magreth,

Tunaamka, tumshukuru Mungu. Anayeandika ni mwanangu Evelyn. Nimemwambia asipunguze neno.

Hukunikosea kwa kuuliza. Ulinikosea siku ile mwalimu aliposema, "Magreth, msomee dada yako." Ukasoma, darasa zima likapiga makofi, ukanigeukia ukacheka. Kesho yake nikabaki nyumbani na ng'ombe, shule ikaishia hapo. Miaka thelathini na sita hukuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa jibu. Herufi hazikucheza. Niliziona vizuri tu. Ila ni kama kukutana na mtu sokoni: sura unaijua, jina limekutoka. Ukilipata la huyu, la yule wa kwanza limeshapotea. Na mwalimu yuko nyuma yako na fimbo. Muulize huyo mtoto kama ni hivyo.

Dada yako,
Mektrida

Moshi, 25 Machi

Dada, shikamoo, na unisamehe.

Nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa, nilifurahia yale makofi. Sikusahau; ndiyo maana sikuuliza.

Nilimuuliza Zuleha kwa maneno yako. Akaniangalia sana.

"Nani amekwambia?"

"Dada yangu."

"Yeye alipona?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Tumeacha kunakili ubaoni. Tunachukua sauti moja moja, anaitamka huku akiichora mchangani. Mwalimu wake amekubali asirudishwe. Ametupa mpaka Juni.

Mdogo wako,
Magreth

Kilema, 7 Aprili

Mdogo wangu, salamu za Pasaka.

Nimekusamehe. Haikuwa kazi ya siku moja, nisikudanganye.

Mwambie Zuleha sikupona kwa sababu sikuwa mgonjwa. Nilikosa tu mtu wa kukaa nami hivyo mchangani.

Jumamosi nashuka Moshi. Unipime kama ulivyompima yeye, na ukiona njia, nianze. Nina miaka arobaini na minane, nataka kujua kama bado inawezekana.

Usimwambie mtu. Zuleha peke yake, mwambie.

Dada yako,
Mektrida