Anwani ya Zamani ya Baba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, ambao nawajua kwa kusimuliwa tu. Sisi huku tunapumua. Mimi ningali kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mikono imechubuka kwa dawa, mgongo unalalamika, lakini riziki haiulizi mgongo. Baba macho yamepungua nguvu, ila miguu bado inamtii. Barua hii nampa shangazi aitume, maana kumbe yeye ndiye mwenye njia ya kukupata.

Nianze na habari za intaneti. Ile kampuni yetu ya zamani ilitushinda. Manyunyu yakidondoka tu, mtandao unakata. Ukiwapigia simu, unawekewa muziki mpaka sikio linapata moto. Mtaa mzima ukahamia kampuni mpya, nasi tukahama. Fundi akaja, akatoboa ukuta wa sebuleni, akatundika kisanduku chenye taa, mambo yakanyooka. Kumbe anwani ya barua pepe ya Baba ilikuwa mali ya wale wa zamani. Ukiwahama, wanaifunga.

Fundi alimwambia Baba asihangaike, atamfungulia nyingine pale pale, tena bure. Baba akajibu kwamba binti yake anaijua ile tu. Nikasema basi tukuandikie, tukupe hiyo mpya. Akanitazama kama niliyemtukana. "Na asipousoma ujumbe huo? Mlango hauhamishwi mtoto akiwa njiani."

Tukaenda ofisini kwa wale wa zamani. Karani wa kaunta akaeleza kwamba anwani inaweza kubaki peke yake, bila intaneti, mradi ilipiwe hapo hapo kila mwezi. Baba unamjua: fundi mizani mstaafu, mtu wa kubishana na muuza nyanya hadi nyanya ziive. Kwa hili hakubisha. Kila mwezi alitia kofia, akaenda kwa miguu, mpaka makarani wakambandika jina la Mzee Anwani. Wakicheka, naye anacheka nao.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilimfungulia kompyuta. Matangazo ya viatu, matangazo ya mikopo. Wewe, kimya. Hata hivyo alikuandikia, kidole kimoja kikitafuta herufi: alivyopasuliwa ngiri, jiko lilivyoezekwa upya, marehemu Mama alivyokuwa akikutaja siku zake za mwisho. Mara ya mwisho kujibu ulitaka cheti chako cha kuzaliwa. Mistari miwili, bila hata salamu. Alikwenda kupanga foleni mwenyewe, akakipata, akakutumia. Asante yako hatukuiona. Yeye akasema una kazi nyingi, na mimi nikaambiwa nipunguze mdomo.

Sasa nifike kwenye kilichonishikisha kalamu. Jumapili shangazi alikuja kutujulia hali, akatoa simu atuonyeshe makochi yake mapya. Akawa anapitisha picha kwa kidole, kochi hili, kochi lile, mara ukatokea wewe umekaa juu ya mojawapo, gauni la kijani, kikombe mkononi, unacheka. Shangazi alitaka kuipitisha haraka, lakini Baba alikwishamshika mkono.

"Hii ya lini?"

Shangazi akaivuta simu yake. Hatimaye akasema ni ya mwezi uliopita; ulikuja kikazi, ukafikia hotelini, ukamwapisha asitamke neno kwa sababu hukutaka maneno. Dada, kutoka kwa shangazi hadi kwetu ni mitaa miwili. Ungetuma hata mtu.

Mimi nilitaka kupasuka. Baba alifuta miwani, akaiomba simu tena, akaishika karibu na uso. "Amenenepa," akasema. "Afadhali." Kisha akamuuliza shangazi kama kitambaa cha makochi hayo kinashika vumbi.

Kesho yake aliniomba nimsindikize. Haikuwa siku ya kulipa. Makarani wakamwita kwa lile jina lao la utani, hakucheka. Akasema anataka anwani ifungwe. Karani, msichana mpole, akamwonya kwamba kila kilichomo kitafutika na hakitarudi. Baba aliuliza swali moja tu: mtu akimwandikia, atajua? Akajibiwa kwamba ujumbe utamrudia mwenyewe na taarifa kuwa anwani haipo.

"Hivyo hivyo," akasema, akatia sahihi. Njiani alinitangulia, nami sikumkimbilia.

Kwa hiyo ukituma kitu kikakurudia, usilaumu mtandao. Baba hana anwani nyingine wala hataki kufunguliwa. Namba yangu ya simu shangazi anayo miaka yote hii, na wewe kuiomba hukuona haja. Sitakuficha, nina hasira nawe, na sijui itanitoka lini.

Nisikuchoshe. Msalimie shemeji. Wabusu watoto, waambie wana babu. Kabla ya kuifunga barua hii nilimuuliza Baba nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akaniambia niandike zangu.

Basi pokea zangu.

Ni mimi,
Mdogo wako