Vifaranga Ndani ya Jeneza Dogo

Jumanne, Muleba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile isiyo na haraka ya kuisha. Naogopa. Nalisema mapema ili nisijifanye jasiri huko mbele.

Leo kliniki nesi alinipima, akarudia, kisha akamwita mwenzake. Mtoto bado amekaa mlalo na presha yangu imepanda. "Mama, kesho uende Bukoba, ukasubirie huko huko hospitali," akasema. Akauliza kama nimeshaandaa beseni, kanga na nguo za mtoto. Nikajibu ndiyo.

Uongo mtupu. Sina hata soksi moja ya mtoto.

Mwaka juzi nilinunua kila kitu mapema, na mtoto wetu akazaliwa ameshafariki. Deo, mume wangu, ni seremala wa majeneza. La mwanetu alilitengeneza yeye mwenyewe, mimi nikiwa bado kitandani hospitali. Hatujawahi kulizungumzia.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unyasi wangu uko nyuma ya nyumba, kwenye karakana ya Deo. Kuna jeneza dogo mle lisilo na mwenyewe. Baba mmoja alikuja kuagiza bila kamba wala kijiti cha kipimo, akaonyesha kwa mikono urefu wa mtoto aliyemfia. Maskini, mikono ilimkumbuka mtoto alipokuwa mdogo zaidi. Jeneza likawa fupi. Deo akatengeneza lingine upesi, hili likabaki, maana yeye hauzi sanduku lililopimwa kwa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa wanaishi vifaranga humo.

Wako saba, maranda chini, balbu juu. Deo aliwaleta kutoka sokoni ndani ya boksi la sabuni, na sasa wamekuwa watoto wa karakana. Deo huwatoa mmoja mmoja; wanatambua hatua zangu, wananipanda miguuni. Mmoja mweusi husinzia begani kwa Deo huku randa inakwenda. Wafiwa wanaosubiri kazi yao huwashika mkononi. Bibi mmoja aliyekuja analia nilimsikia akimuuliza kifaranga kwa Kihaya kama ameshakula. Nimewapenda, nakiri. Wanapolala ndipo sipapendi. Kila asubuhi nachungulia kwa mbali dirishani, nikiogopa kumkuta mmoja amekufa ndani ya sanduku lile.

Mama mkwe alipokuja kutoka Izigo aliwaona, akapiga ishara ya msalaba. "Mwana wange, mwenye mimba haangalii ndani ya sanduku." Sijui kama ni mila au aliitunga palepale. Nilicheka. Tangu siku hiyo nazunguka kupitia migombani ili nisipite mlangoni pa karakana.

Na kuna hili, baya kuliko yote. Juzi alikuja mzee kutoka Kagoma, amefiwa na mjukuu. Aliliona lile jeneza akaomba alichukue hilo hilo. Deo akakataa. Mimi nilikuwa nimesimama nje nikiomba akubali. Nilitaka liondoke na mtoto wa watu ili lisimsubiri wangu. Mungu anisamehe.

Basi leo nimetoka kliniki nimelowa, nikaenda moja kwa moja kwa Deo, nikamwambia alivunje liwe kuni, tulipikie maharage. Nilimsema sana. Mwanaume gani anafuga vifaranga ndani ya jeneza na mke wake ni mjamzito? Anachezea kifo?

Aliweka randa chini. "Koku, unakumbuka niliwaleta lini?"

Nilikumbuka. Ni siku tuliyoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mtoto amekaa vibaya. Mimi nilidhani ameenda sokoni kupoteza mawazo.

"Nikipita nikalikuta tupu, naona kama linasubiri," akasema. "Nikaona bora lijae."

Huyu ni mtu anayecheka kila mkosi, anayejinyoosha mchana juu ya majeneza ya wateja. Sasa alikuwa anawahesabu vifaranga kwa kidole, kisha anaanza upya. Hasira yangu iliisha pale pale, lakini hofu ikazidi. Siku zote hizi nilidhani angalau mmoja wetu haogopi.

Hatukulivunja. Ili ulivunje lazima kwanza uwatoe vifaranga, na hakuna aliyethubutu.

Tatizo ni kwamba wameota mabawa. Jioni hii yule mweusi aliruka akatua juu ya meza ya kazi. Deo akamrudisha. Wakaruka wengine wawili. Nikainama na tumbo langu hili, nikawaokota, nikawarudisha ndani, wakatoka tena. Tumefanya hivyo mpaka giza likaingia, na hakuna aliyecheka.

Kesho asubuhi tunapanda basi la Bukoba. Jirani amekubali kuwapa pumba na maji. Lakini la kuwarudisha mle ndani kila wanaporuka, tutamwombaje mtu?