Picha Uliyonisimulia Ukiwa Kitandani

Mume wangu Khatibu,

Nakutolea salamu, ingawa najua waliolala huko hupelekewa dua, hawapelekewi karatasi. Dua nakusomea kila baada ya magharibi, sijaacha. Lakini lipo jambo haliingii kwenye dua, na sina mwengine wa kumwambia. Naandika kwa herufi zile zile za Kiarabu za chuoni ulizokuwa ukizicheka, ukisema mwandiko wangu kama sisimizi waliotoka kwenye sukari. Cheka tu.

Kaka yangu Faki ameleta posa. Mtu mwenyewe ni wa Kiuyu, mkulima, amefiwa na mke, na kila anayemjua anamtaja kwa wema. Posa mbili zilizotangulia nilizikataa kabla hata sijaambiwa jina la mtu. Hii kaka hakuniachia. Alikaa barazani, akavua kofia akaiweka pajani, akanambia, "Dada, mie si kwamba nakufukuza nyumbani kwangu. Lakini weye hujawa mjane, umekuwa nke wa maiti. Nambie, basi, hata hapana niambie." Nikamwomba siku chache. Hazikuwa za kufikiri. Nilitaka kwanza nizungumze na wewe habari za sinema, maana jibu limo humo.

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba mimi na wewe tulikuwa wapenzi wa picha na hatukupata hata siku moja kukaa pamoja ndani ya sinema. Wewe ulikwenda Jumamosi na wanaume wenzako. Mimi nilikwenda Jumapili alasiri, onyesho la wanawake, mlangoni habaki mwanamume ila yule mkata tiketi, naye akitazama chini. Picha ni ile ile, viti ni vile vile, pengine nilikalia kiti chako. Ndivyo mji ulivyo, na mimi sikutaka iwe vyengine. Lakini kati ya onyesho lako na langu palikuwa na asubuhi nzima ya Jumapili, na hapo ndipo uongo wako ulipopata nafasi.

Unaikumbuka ile ya Kihindi ya ndugu waliopotezana sokoni? Ulinambia kwenye chai kwamba yule binti anakufa, tena anakufa kwa nyoka. Nilikwenda na leso mbili. Nikaanza kulia tangu wimbo wa kwanza, kila nyasi zikitikisika nasema huyo, huyo anakuja. Picha ikaisha kwa harusi. Nilirudi macho yamevimba, nawe uko barazani umeshika gurudumu la baiskeli ya mtu unayoitengeneza, uso mkavu, unaniuliza, "Ehe, nke wangu, kafa?" Nilikurushia kanga ikanasa kwenye spoku, ukacheka mpaka mwenye baiskeli akaona haya.

Rai yangu juu ya picha za Kihindi haijabadilika, usidhani. Nyimbo nyingi mno. Tone la mvua likianguka tu, watu wasimame waimbe. Kwa inavyonyesha hapa Wete, sisi tungekuwa hatuna koo. Za Kimisri nilizipenda kwa sababu ya nguo, na kwa sababu mawifi wa mule ni wabaya kuliko dada zako. Za farasi na bastola sikupata kuzifahamu. Watu wanauana tangu jua linachomoza na hapana hata mmoja aliyekaa akala wali. Wewe ulikuwa ukizitetea. Ulisema stelingi, yule shujaa wa picha, hali chakula kwa sababu ana kazi. Nikakwambia na wewe una kazi, mbona chungu hakilali na ukoko?

Mara moja tu tuliangalia picha wakati mmoja, ile siku gari la serikali lilipokuja uwanjani kutuonyesha namna ya kuanika karafuu. Mzungu anawafundisha Wapemba kuanika karafuu! Wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja, kitambaa cheupe mbele. Yule bwana kwenye picha alipokanyaga karafuu mbichi na viatu vyake miguuni, nilisikia mtu mmoja upande wa wanaume anacheka peke yake, halafu uwanja mzima ukamfuata. Nilikijua kicheko. Nikajifunika buibui usoni, nikacheka na wewe kutoka huko nilikokaa. Sikukwambia, sijui kwa nini. Nilikuwa na furaha ya kitoto, kama niliyekaa ubavuni pako.

Halafu zikaja za kutisha. Hizo ndizo tulizogombana zaidi. Ile ya kwanza, ya maiti aliyeinuka kaburini na vitambaa vyake, nusu ya wanawake walipanda juu ya viti. Walianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti, ukumbi mzima, mpaka hatukusikia tena Kizungu kinasemaje, na wala hatukukijua. Bi Raya, jirani yetu wa nyumba ya pili, alivua mtalawanda wake, kiatu kizima cha mti, akautupa kwenye pazia. "Mwulizeni ataka nini!" akapiga kelele. "Shetani haulizwi jina, haulizwi haja yake, mwampigia mbio tu! Ataacha kukasirika?" Na siku hizi za siasa, Bi Raya na jirani mwenzake Bi Mtumwa hawasalimiani njiani kwa ajili ya vyama vyao, lakini maiti yule alipoinuka niliwaona wamekumbatiana.

Nilipokuhadithia ulikuwa na maelezo yako. Ulisema kosa ni la waliomzika. "Maiti hakusomewa talakini pale kaburini, ataachaje kuamka? Ntu kalazwa tu kama gunia la muhogo." Siku ulipozikwa wewe, kaka aliporudi makaburini, jambo la kwanza nililomuuliza ni kama umesomewa talakini. Akanitazama kwa huruma, akajibu umesomewa, tena na shehe mwenyewe. Nikacheka, Khatibu. Nimevaa nguo ya msiba, wanawake wamenizunguka, nikacheka, wakadhani akili imeniruka. Kisha nikalia kilio ambacho mpaka leo kifua hakijapoa.

Nakuja kwenye picha yenyewe sasa.

Ulikuwa umeshaanza kukohoa damu na unanificha. Jumamosi ile nilikusihi usitoke, ukasema picha kama hii haiji mara mbili, kwenye bango kuna mtu ana macho meupe kama mayai, lazima mtu wa kwetu akaione atuletee habari. Ukaenda. Ulirudi umeegemea bega la mwenzako na hukutoka tena. Jumapili yangu sikwenda. Nilikaa na wewe, nikikupangusa jasho, na alasiri nikawasikia wanawake wanapita njiani na mabuibui yao wakichekeana. Picha ikafungwa kwenye makopo yake ikarudi Unguja na meli.

Homa ilipokuwa ikishuka, baada ya alasiri, ukanambia nisogeze mkeka na kofia yangu ninayoshona, unisimulie picha niliyoikosa. Nikakwambia, "Mie sitaki uongo wako." Ukasema, "Hino nakwambia kweli tupu. Mgonjwa haongopi."

Ukanisimulia habari za bibi harusi aliyefiwa na mumewe. Mume kazikwa vizuri, kasomewa kila kitu, hana deni wala kisasi. Lakini kila magharibi anakuja anagonga mlango. Hatishi, haung'oi mlango. Anasema tu, "Nifungulie, nna baridi." Siku ya kwanza ulifika hapo ukalala. Siku ya pili ukanambia yule mwanamke alikuwa akijificha uvunguni. Siku iliyofuata akaanza kumwekea chakula kizingitini. Halafu akaacha kulala. Akaacha kupika, akaacha kupokea wageni, kutwa anasubiri magharibi. Nikakuuliza, "Hebu nambie, kafungua?" Ukasema, "Weye una haraka ya nini? Ntakwambia kesho." Nami nikawa naipenda hiyo kesho. Nilijua mtu aliyebakisha hadithi hawezi kuondoka.

Siku uliyoimaliza ulikuwa huna sauti, nikaweka sikio karibu na mdomo wako. Ukasema yule mwanamke alisimama nyuma ya mlango, akaweka kiganja chake juu ya ubao, akasema, "Bwana, mie nakupenda, lakini sifungui. Nenda ukapumzike."

"Na yeye kafanyaje?"

"Kafurahi. Kenda zake."

"Maiti afurahi?"

"Kachoka kuja, nke wangu. Alikuwa akigonga kwa sababu huyo ndani hajamwambia nenda."

Nilikasirika. Nilikwambia picha mbaya, na mwanamke huyo hana huruma hata chembe, mume anatetemeka nje na yeye yuko kwenye joto. Mimi ningefungua. Ukafumba macho, ukasema, "Stelingi ni yeye." Nikasema stelingi gani asiye na moyo. Tukabishana hivyo, mimi kwa ukali, wewe kwa pumzi. Haikupita wiki ukaondoka, na mabishano hayo sikukuachia ushinde.

Tangu hapo nimekuwa nikifungua. Kila magharibi. Si kwamba nakusikia, sijaruka akili. Lakini nikisha kukusomea dua nakaa mlangoni pa kaka, mlango wazi, mpaka wifi anauliza kama namsubiri mtu. Chakula hakipandi. Kofia niliyokuwa nikiishona bado ina nusu. Posa zinakuja, najibu mimi nina mume. Nilijiambia yule bibi harusi wa kwenye picha alikosea, na mimi nitaonyesha mwanamke mwenye imani anafanyaje.

Jumapili iliyopita picha ile imerudi. Nililiona bango na macho yake ya mayai, nikamuuliza mkata tiketi mara mbili kama ndiyo ile ile, akaapa ndiyo. Nikaenda na Bi Raya. Nilitaka nimwone huyo mwanamke uso wake, nimwone anavyosema nenda. Kama analia, au halii.

Nikasubiri. Ikaja nyumba kubwa, akaja daktari na chupa zake za moshi, akaja huyo mtu wa macho meupe akawa anawanyonga watu mmoja mmoja. Wanawake wakasoma, viti vikapandwa, mitalawanda ikaruka. Mimi macho yangu kwenye milango. Kila mlango ukionekana nasema sasa. Daktari akaungua moto na chupa zake, taa zikawaka, watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Hapana bibi harusi, Khatibu. Hapana magharibi wala baridi, na hapana mtu aliyegonga. Katika picha nzima hapana hata mwanamke mmoja, ila mtumishi mzee aliyekufa mwanzoni.

Bi Raya akaniambia, "Inuka, mwanangu, ishamalizika." Nikamwambia anipe dakika. Nilikaa pale ukumbi unafagiliwa. Nikasema kwa sauti, "Mwongo we," na mfagiaji akadhani namwambia yeye.

Kumbe ulikuwa umelala pale na homa, pumzi zinakwisha, unatunga. Kila alasiri unatunga kipande cha siku hiyo kwa ajili ya mtu mmoja, ukijua fika sitaiona picha, na nikija kuiona itakuwa wewe hupo. Ulikijua kichwa changu. Ungeniambia kwa mdomo mkavu "nikifa olewa," ningekuziba mdomo kwa kiganja. Ukaona bora uniambie kwa picha, nipate kubishana nayo. Nimebishana nayo mwaka na zaidi. Nimechoka, mume wangu, na kama ulivyosema ni kweli, basi na wewe umechoka.

Nimekuonea uchungu na nimekukasirikia kwa pamoja. Huyo mwanamke, maneno yake mazuri ya nyuma ya mlango ulimpa wewe, na mimi nikamwita hana moyo.

Jana kaka amekuja na nimempa jibu. Hakuamini, akaniuliza tena. Nikamwambia aende Kiuyu kabla sijageuka. Huyo bwana, nimeuliza, hajapata kuingia sinema maisha yake, na anasema hana haja. Kwa hiyo hapatakuwa na mtu wa kunidanganya asubuhi ya Jumapili. Nitakwenda kuangalia nisilolijua, na nikirudi hapana atakayeniuliza kafa au hakufa. Hilo ndilo linaloniliza usiku huu, kuliko hata jina lako kutoka ulimini mwangu.

Nikaha ni Ijumaa baada ya swala. Dua nitaendelea kukuombea, hiyo hapana mwanamume atakayenizuia. Lakini magharibi sitakaa mlangoni tena. Nakupenda. Nenda ukapumzike.

Mimi mkeo, mpaka Ijumaa.