Shavu la Kushoto

Sistan,
siku ya sabini ya upepo

Kaka yangu mpendwa Yarmohammad,

Pokea salamu zetu, wewe, wifi na watoto. Sisi wazima, ila mchanga umeingia hadi kwenye unga na mkate unakwaruza meno kama kila mwaka. Hofu yetu ni kwenu huko Gorgan mnakonyeshewa na mvua.

Gari ulilotuma kumchukua Mama lilifika Jumanne, upepo umenyamaza. Dereva wako Ramezan akatucheka kwamba alitishwa bure. Mama alikuwa akimwagia maji miiba tuliyoshindilia kwenye dirisha la kaskazini, unakotokea upepo, ili nyumba ipoe. Alimwambia alisogeze gari nyuma ya ukuta, maana upepo huu haulali, unavuta pumzi tu. Ramezan hakusikia. Aliliacha kule mashariki, barabarani, na baada ya chai akalifuata. Hakufika. Vumbi lilishuka, nikawa siuoni hata mkono wangu.

Nililia, kaka, sikufichi. Mama alijifunga mtandio puani, akaniambia niache kelele nichemshe chai nyingine, akatoka. Kwenda, upepo upige shavu la kushoto. Kurudi, la kulia. Hana hesabu nyingine. Alimkuta Ramezan amejikunyata hatua arobaini tu kutoka mlangoni, akamvuta kwa mkanda, huku akimuuliza kama watu wa Gorgan ndiyo hulala njiani namna ile. Mama yetu ni mtu na nusu. Kesho yake Ramezan alimbusu mkono, akasema bibi mwenye macho ya mwewe kama yule hawezi kumng'oa kwake, akaondoka peke yake.

Sasa nitue mzigo. Mama haoni. Macho yaliisha na upepo wa mwaka jana, akaniapisha kwa kaburi la Baba nisikwambie, kwa kuwa utamhamisha. Barua zako namsomea mimi. Siku ile sote tulikuwa vipofu. Kwake yeye ilikuwa Jumanne tu.

Nimevunja kiapo kwa sababu umeandika kwamba utatuma gari jingine. Tafadhali usitume. Njoo mwenyewe, umwone akitembea ndani ya upepo wake, ndipo uamue. Ukifika, mwite kabla hujamgusa.

Wabusu watoto kwa niaba yetu. Mama anakusalimu sana, anasema kwenye picha uliyotuma umekonda, ule vizuri. Alikuwa ameishika kichwa chini, miguu juu.

Dadako akupendaye,
Golandam