Ukoko Ulioshika Machicha

Kwako mjukuu wangu Ferdinand,

Ziwa limetulia leo, nakutakia utulivu huohuo huko Lubumbashi. Mguu wa Papa yako umepona, na mbuzi amezaa pacha. Umeniuliza ni gundi gani inayoshika machicha, yale yanayobaki tukishakamua mawese, ili yawake kama makaa.

Mwaka ule wa vita nilikuwa bado shuleni, mwoga wa kusema, kichwa ndani ya kitabu. Kuni zilikuwa mlimani, na mlimani kulikuwa na watu wenye bunduki. Nikasoma kwamba machicha yakikandwa na gundi na kukaushwa yanawaka. Nikamaliza chupa ya gundi ya shule, lakini matonge yote yakavunjika mkononi.

Mama akachukua panga na kamba. "Kitabu hakiivishi maharage. Napanda mlimani."

"Mama, ngoja siku mbili tu," nikasema.

Akanitazama, kisha akatazama sufuria ya bukari, ugali wetu, aliyokuwa ameiloweka. "Unatafuta gundi, na ukoko huu unanivunja kucha kila siku?"

Tukakanda machicha na ukoko wetu na wa majirani, tukaanika juu ya mabati. Siku mbili hizo siziandiki. Tulisikiliza mlima.

Siku ya tatu Mama akawasha tonge moja. Lilifuka moshi tu, naye akashika panga tena. Ndipo likawaka.

Alichukua kamba ya kuni, akaifunga uani, akaanika nguo zetu.

Basi usiharakishe kuosha sufuria.

Koko yako, mwenye kunuka moshi hadi leo.