Tangi Juu ya Jiko la Mama Achieng'

Jumanne, Mashimoni

"Mheshimiwa mwenyekiti, mweka hazina, wanachama wenzangu wa kioski cha maji." Nilianza hivyo, nikiwa katibu wao.

Wengi walitaka bima ndogo, ya kulipia tangi letu tu likianguka. Nikawauliza: litamwangukia nani? Jirani yetu Mama Achieng' hukaanga mandazi chini yake, akifuata kivuli.

"Kwani mnanizika na bado niko hapa?" akadakia kutoka mlangoni. Tulicheka.

Zile nguzo zinazobeba tangi zinanitisha, nikakiri mbele yao. Lakini bima hupimwa kwa anayeweza kuumia, si kwa bei ya tangi.

Mikono ikainuliwa, wengi wakakubali, nami nikatangaza uamuzi: tunachukua bima kubwa, ya kuwafidia majirani. Na kesho, kabla ya kujaza tangi, kila mwanachama aje tulihamishe jiko la Mama Achieng' kutoka chini yake.