Gauni Halikupita Mabegani

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote wa nyumbani kwako. U hali gani? Na lile goti ulilotuambia juzi gazetini kwamba linakusumbua, limepoa? Mimi kwa rehema za Mungu ni mzima wa mwili, ila moyo ndio hauna raha, na ndiyo maana naomba msaada wako, nikijua utanigombeza, lakini afadhali nigombezwe na mtu mzima mwenzangu kuliko kuendelea kunyamaza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, nafundisha ushonaji kwenye shule ya wasichana katika nchi ya watu, na huu ni mwaka wa nane. Shule sikusoma sana, cherehani ndiyo iliyonileta huku. Nilipoondoka nilimwacha binti yangu ana miaka sita kwa dada yangu mkubwa, nikasema naenda miaka miwili tu, miwili ikazaa mingine, na nimerudi mara moja tu, akiwa na miaka kumi. Sasa ana kumi na minne. Nyumbani wote wananiita Mwalimu, maana mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufundisha ng'ambo, nikipiga simu utamsikia dada, "Njooni, Mwalimu huyu hapa!" Basi mtoto naye akakua anasikia hivyo hivyo, dada ndiye Mama, mimi ni Mwalimu. "Shikamoo Mwalimu, kazi inaendeleaje?" Ananisalimia kwa adabu kama mgeni aliyekuja kukagua madaftari.

Mwezi wa pili nilimwambia ajipime, anitumie vipimo nimshonee gauni. Akatuma. Kifua inchi thelathini na tatu, na mabega mapana kama yangu. Mshauri, nilicheka peke yangu darasani, nikasema huyu mtoto kapima na sweta juu, hivi ni vipimo vya mtu mzima. Nikapunguza kwa akili yangu, mimi ninayewakemea wasichana wa watu kila siku kwamba nguo haikatwi kwa kukisia. Nikashona, pindo nikalimalizia kwa mkono, nikatuma. Nilipopiga simu akaniambia, "Asante Mwalimu, gauni zuri sana, ila halikupita mabegani. Nimempa mtoto wa jirani." Hakuwa na hasira hata chembe. Ningefurahi kama angekasirika.

Tangu siku hiyo naogopa kwenda. Likizo ndefu inakuja, wiki tisa nzima, maandalizi ya safari za wenzangu yamepamba moto, na mwalimu wa hesabu ninayekaa naye chumba kimoja amefungua sanduku lake katikati ya chumba hata nikisali napiga magoti kati ya viatu vyake. "Wewe Mama Sindano," ananiambia, "huondoki? Au cherehani imekutolea posa?" Nikamjibu kwamba nabaki kufundisha masomo ya likizo. Ni kweli nabaki, lakini hakuna aliyenilazimisha, mkuu wa shule aliuliza nani yuko tayari na mkono wangu ukapanda wenyewe. Nyumbani nikasema mkuu amenikatalia ruhusa.

Sasa hapa ndipo panaponichoma. Mama yangu mzazi, na uzee wake ule, amefunga siku tatu, na kikundi chake cha maombi kinaomba kila Ijumaa ili Mungu aulainishe moyo wa mkuu wa shule, mama wa watu asiye na kosa lolote, ambaye kila asubuhi ananiuliza kama nimekunywa chai. Nikipiga magoti, maneno hayatoki.

Na namtamani mtoto wangu, mshauri. Nikimpima mwanafunzi mgongo, mkono wangu unachelewa kuondoka pale begani, najiuliza wa kwangu ananukia sabuni gani siku hizi. Lakini nikifika nikamkuta amesimama nyuma ya dada, akanipa mkono na kuniita Mwalimu uso kwa uso, nitajiweka wapi? Kibali cha kusafiri kinaombwa ofisini kwetu, na mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo. Je, niende, au nisubiri mwaka mwingine nipate ujasiri? Tafadhali nijibu mapema.

Mimi,
Mama Sindano

JIBU

Dada yangu Mama Sindano,

Goti linapoa, asante. Pale uliposema juu ya sabuni niliweka kalamu chini kwanza. Pole sana. Sasa nisikilize.

Mtoto alikwambia ukweli, tena kwa inchi, wewe ukamcheka. Unamlilia wa miaka kumi, na huyo hayupo tena. Aliyepo ana mabega yako na hujawahi kumwona. Unasubiri ujasiri? Unauzwa duka gani huo, niutafute na mimi? Mwakani atakuwa mgeni zaidi, na wewe mwoga zaidi.

Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, mpigie mama yako. Mwambie mkuu hajakukatalia, ni wewe uliyeogopa. Atakusema, na akuseme, amekaa na njaa kwa uongo wako! Kisha nenda kwa huyo mkuu, mwambie unaushusha mkono wako. Wasichana wa likizo watafundishwa kushona vifungo na mtu mwingine, na hakuna atakayetembea uchi. Jumatatu kibali kiwe kimeombwa. Usingoje Alhamisi, nakujua.

Halafu omba kuzungumza na binti yako, peke yake, si kwenye ile simu ya ukoo mzima. Mwambie, "Vipimo vyako vilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea." Ishia hapo, usianze kujitetea.

Jina la Mama usilidai. Dada yako ndiye aliyekesha naye akiwa na homa, mshukuru mbele ya mtoto na usishindane naye. Atakuita Mwalimu, utaitika. Wewe unataka akasirike? Ngoja ufike. Siku ya nne au ya kumi atakuuliza ulikuwa wapi, na kwa sauti usiyoipenda. Usimkatishe kwa kumdai adabu, wala usikimbilie kufungua zawadi. Keti. Adabu ni ya mgeni, dada yangu, hasira hiyo itakuwa yako.

Na jambo la mwisho, hili usilipuuze. Ukifika usikubali kulazwa chumba cha wageni. Muulize binti yako kama utalala chumbani kwake, hata kama ni godoro chini. Akikataa, muulize tena kesho yake. Jamaa wakitaka kuja kumwona Mwalimu wao, waambie waje wiki ya tatu.